Kambi haimo kwenye listi: kisa cha vituo vya kura kwenye kata moja ya mwambao, Kigoma

Kisa chenyewe ni hivi. Kuna kata moja ya mwambao kusini mwa mji wa Kigoma, jina naliacha maana watu wake wananijua na mtendaji wake bado yuko kazini. Ina vijiji vichache vilivyobanwa kati ya ziwa na mlima, na ina kambi ya wavuvi iliyojitenga na kijiji chake, kwa boti ya injini ndogo ni saa nzima na kitu, upepo wa kusi ukikaza sahau hiyo saa, na kwa miguu ni kupanda na kushuka tu. Miaka ya nyuma kambi ilikuwa na kituo chake, turubai linafungwa kando ya banda la BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), watu wanapiga kura wanarudi kuanika dagaa. 2025 listi ya vituo inatoka, kambi haimo. Watu wake wamehesabiwa shule ya msingi ya kijijini, na hapo shuleni kituo kilichokuwa kimoja kimezaa vyumba vitatu.

Watu wakaja juu. Wengine wakasema ni siasa hiyo, kuna mtu anaogopa kura za kambi. Mi nilikuwa mwandikishaji wa BVR, ile mashine ya kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole, kwenye kata hiyohiyo Julai 2024, na baadaye mtendaji akaniita nimsaidie kuandika maoni ya kata kuhusu vituo, kwahiyo karatasi nimeziona za mwanzo na za mwisho. Sikuona mkono wa mtu uliofuta kituo. Nilichoona ni tarehe. Tarehe za kuandikisha na tarehe za kupiga kura zilipangwa na watu wanaotazama kalenda ya ukutani, kambi inaishi kwa kalenda nyingine kabisa, na kituo kikaangukia katikati hapo.

Kabla sijafika huko niseme kidogo kuhusu mgawanyo wenyewe, maana wengi tunalijua jimbo tu. Jimbo ndo lina kelele. Kigoma tuna 8: Kigoma Mjini, Kigoma Kaskazini, Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Buhigwe, Muhambwe na Kakonko, hili la mwisho mpaka juzi tulikuwa tunaliita Buyungu. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, nchi nzima yakafika 272 kutoka 264, na sisi hatukupata hata moja. Ukipiga hesabu unaelewa, sensa ya 2022 ilitutoa watu 2,470,967, gawa kwa 8 unapata kama laki tatu na elfu tisa kwa jimbo, wakati kigezo kilichotangazwa ilikuwa laki nne kwa jimbo la vijijini na laki sita kwa la mjini. Tukapita hapo kimyakimya.

Katiba ibara ya 75 inasema wakigawa majimbo waangalie pia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia ya eneo. Hayo ni maneno mazuri na kwa mwambao ni ya maana sana. Ila yanaongelea jimbo. Ukishuka kwenye kata na vijiji na vitongoji unaingia kwenye mipaka ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na ukishuka zaidi mpaka kituo, pale unapowekwa mguu kabisa, hakuna tena ramani inayoongea. Linaloongea ni daftari la kudumu la wapiga kura. Wameandikishwa wangapi hapa? Wachache, unganisha. Wengi, pasua. Basi.

Na kupasua kwenyewe watu wengi hawajui kunafanyikaje. Hakuna anayechora mstari kwamba nyumba za huku waende chumba hiki na za kule waende kile. Kituo cha kuandikisha kikijaa kinagawanywa kwa majina, kwa herufi. Akina Abdallah na Asha chumba cha kwanza, akina Hamisi na Juma cha katikati, akina Ramadhani na Zuhura cha mwisho. Mume anapanga foleni huku, mke kule, hakuna ubaya wowote, tena foleni inapungua. Lakini ona maana yake: mgawanyo wa mwisho kabisa wa nchi hii hauko kwenye ardhi, uko kwenye alfabeti. Alfabeti haijui kama kuna mlima.

Nipe namba kidogo hapa maana ndo zilinifungua macho. Uboreshaji wa daftari wa 2024/25 ulipangiwa vituo 40,126 vya kuandikisha nchi nzima, ule wa 2019/20 ulikuwa na 37,814, kwahiyo sehemu za kuandikisha zimeongezeka 2,312. Sasa njoo kwenye vituo vya kupigia kura, 2020 vilikuwa 80,155 kwa wapiga kura 29,188,347, na 2025 vikawa 99,895 kwa wapiga kura 37,655,559. Ongezeko hapo ni 19,740. Wastani wa watu kwa kituo haujabadilika sana, kama 364 wakati ule na kama 377 sasa hivi, kwahiyo ukisoma taarifa unaona mambo safi, vituo vimeongezeka, msongamano hakuna. Lakini vituo karibu elfu ishirini vimeongezeka huku sehemu za kuandikisha zimeongezeka elfu mbili na kitu. Mi nasoma hivi: tumeongeza vyumba kuliko tulivyoongeza mahali. Kwa mtu wa Mwanga au Gungu pale mjini chumba ndicho anachohitaji, foleni ifupike arudi kwenye shughuli zake. Kwa mtu wa kambi chumba cha tatu shuleni hakimsaidii kitu, yeye shida yake ni ziwa lililopo kati yake na hiyo shule.

Haya, sasa kalenda.

Uboreshaji wa daftari mzunguko wa kwanza ulizinduliwa hapahapa Kigoma tarehe 20 Julai 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akiwepo, siku saba za kuandikisha. Tulijisikia vizuri, kwa mara moja jambo la kitaifa linaanzia kwetu na sio kuishia kwetu. Ila mtu yeyote wa ziwani angekwambia Julai 2024 ilikuwa mwezi gani. Ziwa lilikuwa limefungwa! Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana kupumzisha Ziwa Tanganyika, na kwetu zuio lilianza 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Miezi mitatu hakuna kushusha wavu. Kambi mwezi wa saba ilikuwa mabanda matupu, chanja za kuanikia dagaa zimelala, mbwa wawili watatu na walinzi wa mitumbwi. Wavuvi walikuwa makwao, wengine wamerudi Ujiji, wengine wamepanda huko Kasulu kulima, wengine wako kijijini kwao hapohapo kwenye kata wanasubiri.

Kituo cha kambini kilifunguliwa, hilo niseme wazi, kilikuwa kwenye listi ya zamani na mashine ilipelekwa. Aliyekaa pale alikuwa anacheza na simu, na network yenyewe ya kuvizia juu ya jiwe. Huku kwangu shuleni foleni imezunguka mti wa mwembe, na kati ya watu niliowahudumia walikuwepo wengi wa kambini waliokuja kurekebisha taarifa zao, kadi imefutika, jina limekosewa, na ukimuuliza unakaa wapi anakwambia hapa, kwa sababu kweli wakati ule alikuwa anakaa hapa. Vijana waliotimiza umri nao vilevile. Hakuna aliyedanganya. Fomu iliuliza swali la kweli ikapata jibu la kweli, kwa Julai ile.

Ni kama kuhesabu wanafunzi wa bweni wakati wa likizo halafu mwaka mzima upike chakula kwa hesabu hiyo.

Ziwa likafunguliwa katikati ya Agosti, ndani ya siku chache kambi imejaa, kelele za injini, taa, muziki, mama lishe, kila kitu. Daftari tayari limeshaandika kwamba pale hapana watu.

Halafu likaja la Oktoba. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa 27 Novemba 2024, na uandikishaji wake ulikuwa 11 hadi 20 Oktoba, huu uko chini ya TAMISEMI na una orodha yake ya kitongoji, haihusiani na daftari la kudumu. Nakuhakikishia nusu ya watu wa mwambao hawakuelewa hilo, na sio kosa lao, ndani ya miezi mitatu wanaandikishwa mara mbili na watu waliovaa vizibao vinavyofanana. Wa kambini wengi walijiandikisha Oktoba kwenye kitongoji kinachohesabika kuwa na kambi ndani yake, wakaamini wameshajirudisha kambini. Hawakujirudisha popote. Daftari la kudumu lilibaki linasema shuleni. Duru ya pili ya uboreshaji ilipita Mei 2025 lakini safari hii vituo vilikuwa vichache mno, na mtu anayeamini kwamba ameshamaliza habari hiyo hapandi boti kufuata kitu ambacho anacho.

Kuna kitu kingine kwenye hilo la kitongoji. Kambi sio kitongoji. Haina mwenyekiti wake, haina muhuri, iko ndani ya kitongoji ambacho mwenyekiti wake anaishi ng'ambo ya mlima na kambini anaonekana akija kuomba kitoweo. Karatasi zote za serikali zinaandikwa kwa kitongoji, kwahiyo sehemu yenye watu mia kadhaa wakati wa giza, kwenye karatasi inasomeka kama sehemu ya majirani zake. Wanaotambua kwamba kambi ipo ni BMU, maana wao wana daftari la mitumbwi na la wavuvi, na mtu wa ushuru. Ushuru unajua kambi ilipo vizuri sana.

Nimesema giza, nieleze kwa wasomaji wa bara. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Zamani karabai, sasa hivi taa za betri na sola, unawasha juu ya maji dagaa wanakusanyika, unainua wavu. Mwezi ukiwa mkubwa taa yako haina maana, dagaa wametawanyika ziwa zima linang'aa. Kwahiyo kila mwezi kuna siku kadhaa kuzunguka mbalamwezi ambapo mtumbwi unapumzika, watu wanashona nyavu, na wengi ndo wanarudi nyumbani kuona watoto. Giza likirudi wanarudi kambini. Hii ni ratiba kamili, huhitaji kumuuliza mtu.

Sasa nikachukua tarehe za uchaguzi nikaziweka juu ya mwezi. Uchaguzi mkuu wa 2015 ulikuwa 25 Oktoba, mwezi mpevu ulikuwa tarehe 27. Uchaguzi wa 2020 ulikuwa 28 Oktoba, mwezi mpevu tarehe 31. Umeona? Chaguzi mbili mfululizo zimeangukia siku ambazo mvuvi yuko nyumbani au hana kazi, boti zipo, muda upo. Hata kama kituo kingekuwa mbali kidogo angefika. Hakuna aliyelalamika kwa sababu hakukuwa na cha kulalamikia, na ofisi ikajifunza kwamba mwambao hauna shida.

Halafu 2025. Uchaguzi 29 Oktoba, na mwezi siku hiyohiyo ni robo ya kwanza, yaani nusu, unazama karibu na saa sita usiku. Mvuvi yeyote anakwambia hapo unasubiri uzame halafu unaingia, unavua mpaka alfajiri. Unatoka majini saa kumi na mbili umechoka, unauza, unalala. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi vinafungwa saa kumi jioni. Kimahesabu inawezekana, ila kwa mtu ambaye kituo kiko mita mia mbili, sio kwa mtu ambaye anatakiwa achome petroli ya saa moja kwenda na saa moja kurudi.

Kwahiyo vitu viwili vilikutana, wakaandikishwa wakati kambi iko tupu kabisa na wakapigishwa kura wakati kambi imejaa, na hata kimoja peke yake kingevumilika. Ndo maana mi nasema hili sio la kumtafuta mchawi.

Kikao cha maoni kilikaa ofisi ya kata, mtendaji, watendaji wa vijiji, BMU, wawakilishi wa vyama viwili vitatu na mimi na daftari langu. Mzee wa BMU alianza taratibu tu, akasalimia watu "mwakeye", akaniangalia mimi kana kwamba mashine ya BVR ni ya kwangu: "Mwalimu, sisi hatujahama. Ziwa ndo lilifungwa." Sentensi hiyo moja ina maana kuliko kurasa zote nilizokuja kuandika. Kukawa na mama mmoja mwanikaji, amekuja na ndoo yake kabisa maana alikuwa anapitia sokoni, akasema mwanangu, mimi nikitoka na boti ya asubuhi dagaa zangu ziko juani, hii ni mwisho wa Oktoba mvua zinaanza kunyesha, ikinyesha mimi niko kwenye foleni shuleni nani ataanua, na nani atanilipa? Watu wakacheka, yeye hakucheka. Tukizungumzia wavuvi tunawaza wanaume wa majini, na tunasahau kwamba anayefungwa mchana wote kambini ni mwanamke wa kwenye chanja. Mwanaume akishalala saa nne anaweza kuamka saa saba akaenda. Mama hawezi kuondoka mpaka jua litue.

Yule wa chama kimoja akatoa wazo la boti, kwamba wagombea wachange boti iwabebe watu. Mtendaji akamkatisha palepale, kaka hilo usiliseme kwa sauti, boti ya mgombea siku ya kura ni rushwa inayoelea. Nakubaliana naye. Hata ukiweka boti ya kuchanga na vyama vyote, kuna mtu atakaa mbele na kofia yake.

Wazo lililofuata lilikuwa la wazi kuliko yote, rudisha kituo kambini. Na mi ndo nilikuwa naliandika, mpaka nilipoanza kuuliza ni akina nani hasa wako kambini wakati wa giza. Kuna wa kijiji chenyewe, hao kituo ni haki yao, kata yao jimbo lao diwani wao, ni umbali tu. Kuna wa kata nyingine za jimbo hilohilo, hao mbunge wao ni mmoja ila diwani ni mwingine. Na kuna vibarua wa mtumbwi waliotoka Ujiji, Kasulu, mpaka Tabora, wanafuata tajiri, mwaka huu yuko hapa mwakani yuko kusini zaidi. Hawa ukiwaandikisha kambini watamchagua diwani wa kata ambayo hawana mtoto shuleni wala shamba, na kwao walikotoka kura yao imepungua. Mtendaji wa kijiji mmoja alilisema hilo kwa ukali, kwamba kambi ikijaa inaweza kutuchagulia diwani. Nilitaka kumbishia nikaona ana hoja, nusu hoja. Nusu nyingine ni kwamba hao watu wanalipa ushuru hapa na wanakunywa maji ya hapa na kipindupindu kikija kinaanza na wao, sasa nani amesema hawana shida na diwani wa hapa? Hilo hatukulimaliza na sidhani linamalizika kwenye kikao cha kata. Na kwa Kigoma yetu kuna kidonda kingine karibu, ukianza kuhoji mtu wa kambi ni wa wapi, maswali yanahama haraka kutoka kata gani kwenda nchi gani, Wabembe na wengine wenye ndugu ng'ambo wanajua ninachosema. Bora mstari uchorwe bila kufungua hilo.

Kwahiyo tukakubaliana maoni yalenge wale wa kijiji chenyewe kwanza, maana kwao hakuna ubishi wowote. Sehemu ya kupigia kura kambini, kwa kuwagawa wapiga kura wa shule kwa wanakoishi wakati wa uvuvi, badala ya kuwagawa kwa herufi. Yaani kama shule inapasuliwa vyumba vitatu hata hivyo, chumba kimoja kikae kambini! Idadi ileile ya watumishi, masanduku yaleyale, gharama inayoongezeka ni boti na askari kulala kule. Hili ndo pendekezo ambalo mpaka leo naona lilikuwa la akili kuliko yote yaliyotoka pale, na lilitoka kwa mtendaji wa kijiji kijana ambaye muda wote alikuwa kimya.

Nikawa najiuliza wenzetu wanafanyaje. Kanada kwa mfano, kila jimbo linakatwa vieneo vidogo vya kura. Kwenye uchaguzi wa taifa sheria yao inataka kieneo kiwe na wapiga kura angalau 250, isipokuwa pakiwa na sababu, kwahiyo na wao wana sehemu zenye watu wachache na maziwa na misitu na kichwa kinawauma vilevile. Tofauti sio kwamba wanachora vizuri kuliko sisi. Tofauti ni kwamba mtu aliyekaa vibaya kwenye ramani ana mlango mwingine, kuna siku nne za kupiga kura mapema kabla ya siku yenyewe, kuna kura ya posta. Sisi Tanzania Bara mlango ni mmoja, siku moja, kituo kimoja kilichoandikwa. Zanzibar wana kura ya mapema lakini ile ni ya wasimamizi na walinzi wanaokuwa kazini siku ya uchaguzi. Ndo maana huku mstari wa kituo una uzito mkubwa, ukikosewa hakuna pa kwenda. Nilipomweleza mzee wa BMU habari ya siku nne za mapema akauliza swali moja tu, huko hiyo siku nne inakuwa mwezi au giza.

Maoni yakaandikwa. Hapo tulivutana mimi na mtendaji. Nilitaka tuweke jedwali la mwezi na tarehe za zuio, yeye akagoma: "Mwalimu, siwezi kuandika mbalamwezi kwenye ripoti ya serikali, watanicheka." Nikamwambia dada, tarehe za zuio la ziwa ni za serikali yenyewe, na mwezi uko kwenye kalenda ya msikiti na ya kanisa. Mwisho tukaandika kwa lugha ya ofisi, "kwa kuzingatia msimu wa shughuli za uvuvi", ambayo ni kweli lakini imekufa, msomaji wa juu anaona msimu anawaza mvua na kiangazi, hawazi wiki mbili mbili. Nadhani pale tulipoteza nguvu ya hoja. Siku hizi ningebandika kurasa ya kalenda hivyohivyo, wacheke.

Jibu lilikuja kwa njia ya mdomo, kwamba listi imeshafungwa na kwamba idadi ya walioandikishwa kambini haitoshi kufungua kituo. Yaani namba ya Julai ilitumika kukataa hoja kwamba namba ya Julai ina kasoro. Sina kinyongo na aliyejibu, alikuwa na karatasi mbele yake na karatasi ilikuwa inasema hivyo.

Ya tarehe 29 Oktoba kwa upana wake kila mtu anayajua na sio ya hapa. Kwa kambi hii tu, wapo wanaume walioshuka na mtumbwi uliokuwa unapeleka mzigo kijijini, wakapiga kura wakarudi. Wanawake wa kwenye chanja wengi hawakuja. Shuleni vyumba vitatu havikuwa na foleni ya kutisha, na kwenye karatasi hiyo itasomeka kwamba vyumba vilitosha.

Nimeshamwambia mtendaji mambo mawili ya kuanza nayo sasa hivi, sio mwaka wa uchaguzi. Kwanza BMU watoe idadi ya wakazi wa kambi kila mwezi, mara moja wakati wa giza na mara moja wakati wa mwezi, wasiandike majina, idadi tu, wanawake kwa wanaume, kata wanayotoka. Baada ya mwaka unakuwa na kitu cha kuweka mezani ambacho sio malalamiko. Pili uboreshaji wa daftari ukija tena, kata iombe tarehe zisigongane na zuio kama litakuwepo, na mashine ya kambini ifunguliwe siku za giza, saa za mchana baada ya saa saba, sio asubuhi wakati watu wanauza. Hili la pili halihitaji sheria mpya wala bajeti, ni kuhamisha mashine moja kwa siku chache.

Na kwa wanaopenda kupanga mapema, uchaguzi mkuu unaofuata ni 2030. Ukibaki mwisho wa Oktoba kama hizi tatu zilizopita, mwezi mwandamo utakuwa tarehe 26 au 27, maana yake wiki nzima hiyo ni giza totoro na kambi zote za mwambao zimejaa watu. Kutoka uchaguzi wa 2025 mpaka huo ni miaka mitano ya kuhamisha turubai moja.